Amana ya Baridi

Kitanda cha Wiji kilipoanza kutembea, mama yake, Paniyem, alikuwa anamenya yai. Kila mzazi aliyepasuliwa hupewa yai la kuchemsha saa ya chakula cha mchana, na yai likikaa sana kwenye sinia hugoma kuachana na ganda, kwa hiyo Paniyem alikuwa ameinama akilichokonoa kwa ukucha. Alipoinua uso ampe binti yake, binti hakuwa mahali pake. Kitanda kilikuwa kimeuacha ukuta, kimelipita kabati, kinaelekea mlangoni polepole huku magurudumu yakilia, na Wiji juu yake amekodoa macho, meno yakigongana.

Muuguzi aliyekuwa akipita alikirudisha kwa kukisukuma kwa goti. Alitoa chini ya sinki matofali mawili yaliyoshonewa vitambaa vya kijani, akayazuilia magurudumu. "Akizidi tutaongeza, mama," alisema. "Matofali tunayo."

Kutetemeka si jambo la kuulizwa. Wanawake wote wa wodi ile, wodi ya daraja la tatu, walikuwa wamechomwa sindano ya mgongo asubuhi ile, wakafa ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, wakatolewa watoto wao huku wako macho, wanaisikia mikasi ikifanya kazi. Ganzi ya mgongo humwachia mtu baridi, na kila aliyezaa kwa kisu katika wilaya ile anaijua: utapewa blanketi, utapewa chai ya tangawizi, utatetemeka mpaka alasiri, basi. Alasiri ilipofika wenzake walikuwa wameshatulia na kuanza kubishana na mama wakwe zao juu ya kipi kiliwe na kipi kisiliwe. Wiji hakutulia. Jioni maumivu ya mshono yakaja, nayo yalikuwa yake na aliyatarajia. Lililomtatiza ni goti.

"Mama, goti la kulia linaniuma."

"Goti? Wamekupasua goti?"

"Tumbo tu."

"Basi ulijigonga mahali."

"Linauma kama la mtu mzima, mama. Linauma kama limepanda ngazi miaka mingi."

Paniyem alilikanda kwa mafuta ya mkaratusi, na goti lilikuwa laini na zuri, goti la msichana wa miaka ishirini na mitatu, halina hata alama ya mbu.

Asubuhi yake alikuja Bagyo, muuguzi wa ganzi, akiwa ameshika boksi la keki kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mpole, mwenye desturi ya kuinamisha mgongo akipita mbele ya wakubwa, hata kama mkubwa mwenyewe yuko mezani amelazwa hajitambui. Alisema keki zimetoka ghorofani, kwa Bi Hendarti, mke wa mkuu wa tarafa mstaafu, aliyefanyiwa upasuaji wa goti jana baada tu ya Wiji. Bi Hendarti anashukuru sana. Amelala usingizi mnono na hakutetemeka hata kidogo.

Paniyem alishukuru kwa keki, akauliza wao wamemfanyia nini Bi Hendarti. Bagyo akaeleza bila kuficha, maana hapakuwa na siri.

Hospitalini pale kulikuwa na kichupa kidogo cha dawa, kilichowekwa kwenye kabati la kufuli mbili. Tone moja la dawa ile likichanganywa na ganzi kwenye sindano ya mgongo, mgonjwa hatetemeki, na maumivu humkalia mbali. Hilo Paniyem alishalisikia. Tone lile lilikuwa na sifa mpaka sokoni. Asilolijua ni kwamba tone haliui kitu. Linainua tu. Kilichoinuliwa kwa mtu sharti kitiwe mahali. Zamani kilitiwa kwenye mpapai nyuma ya chumba cha kufulia. Mpapai ukatetemeka hadi ukaangusha mapapai mabichi, kisha majani, kisha ukakauka, na mganga mkuu alisikitika kwa sababu aliupenda. Wakajaribu mbuzi. Mbuzi walivumilia, lakini Sikukuu ya Kuchinja ilipofika wachinjaji wakalalamika kwamba nyama haitulii kwenye gogo. Tangu hapo kinachoinuliwa, wao hukiita amana, hupewa watu. Wanaofaa ni vijana wa daraja la tatu waliotoka kuchomwa mgongo, maana tundu bado liko wazi na kitu hupita vizuri.

"Ila lazima mtu akubali mwenyewe," Bagyo alisema. "Hapa hatumlazimishi mtu."

"Na huyu alikubali?"

"Alikubali, mama. Nilimuuliza kwa mdomo wangu."

"Aliniuliza nimekunjwa," Wiji alisema, maneno yakimtoka vipande vipande. "Nimekumbatia mto, daktari yuko nyuma na sindano. Akasema, dada, utamhifadhia mtu amana kidogo? Nikasema nggih."

Kijawa, lugha ya kwao, kina neno hilo, nggih, na ukilitafuta kwenye kamusi utaambiwa maana yake ni ndiyo. Kamusi haijawahi kuishi na mama mkwe. Nggih maana yake ni nimekusikia, nakuheshimu, endelea kusema. Mtoto anayegombezwa husema nggih. Mtu aliyealikwa arusini naye hana nia ya kwenda husema nggih, na aliyemwalika anaelewa na wala hampikii. Ni neno la kumwondoa mkubwa mbele yako bila kumwonyesha kisogo. Bagyo alizaliwa ng'ambo tu ya kijito kutoka kijiji cha akina Paniyem, na neno hilo alilinyonya pamoja na maziwa. Aliitazama sakafu. "Nilitumwa niulize, mama," alisema. "Nikauliza."

Wakamrudisha Wiji nyumbani Kalipuring, kwenye mteremko wa mlima, ndani ya lori la mchanga analopakia mumewe Jumadi. Safari ilikuwa nyepesi kwake kuliko wodini, kwa sababu lori nalo lilikuwa linatetemeka na kwa muda ule hakuonekana tofauti na watu wengine.

Nyumba yao ilikuwa ya mbao, na nyumba ya mbao haifichi jambo. Mtetemeko wa Wiji ulipita kwenye sakafu ukapanda kutani. Glasi zilihama rafuni zikabidi zifungwe kwa kamba. Saa ya ukutani ikawa inatangulia, maana ilisukumwa. Halafu kulikuwa na baridi. Paniyem aliishi kwa kutengeneza tempe, yale maharage ya soya yanayofungwa kwenye majani ya mgomba na kuachwa yachachuke kwa joto lao yenyewe, na tempe haichachuki palipo na baridi. Aliifunika kwa magunia, akaisogeza jikoni, akailaza kitandani kwake akalala nayo. Asubuhi alifungua jani akakuta maharage yako vilevile alivyoyafunga, meupe na mabichi. Mwishowe akawa anaipeleka ikachachukie kwa jirani yake Sarinten.

Lakini tempe ni tempe. Kilichomkosesha Paniyem raha ni mtoto. Sigit, ndilo jina alilopewa, alikuwa halali. Titi lilikuwa linamtoka mdomoni kabla hajalishika vizuri. Jumadi alijaribu kumkumbatia mkewe kwa nyuma ili amtulize, wakawa wanatetemeka wawili. Paniyem akamfunga Wiji kwenye nguzo ya nyumba kwa kitambaa cha batiki cha kubebea mtoto, nguzo ikapokea sehemu ya mtetemeko, vigae vya paa vikasogea, mtoto akapata mafunda machache. Maziwa yenyewe yalitoka na povu. Na akishanyonya alale wapi? Hapakuwa na paja tulivu nyumba nzima, hata la bibi yake, maana bibi naye alikuwa amekaa kwenye sakafu ileile. Akipelekwa kwa Sarinten alikwenda na mtetemeko wa mama yake kifuani, na ulipokuwa ukimwisha alishakuwa na njaa. Alisinzia kwa kushtukashtuka, akaamka, akalia sauti ya kukatikakatika. Mama wa kliniki ya kijiji alimpima akasema mtoto haongezeki, na asipopata kulala hatavuka msimu wa tumbaku.

Watu wa Kalipuring walikuja kumpa Wiji pole, na kwa kuwa hakuna aliyezoea kukaa bure, Sarinten alikuja na beseni la unga wa mchele na chekeche. "Mwanangu," alimwambia, "wewe si unatetemeka hivihivi tu? Hebu shika hili." Alimkabidhi chekeche, unga ukashuka laini kuliko wa mashine. Wiji alicheka, na kucheka kulimuuma mshono. Wiki ile wakaja wengine na mabeseni yao, kwa kuwa kulikuwa na arusi mbili. Hawakuwa na ubaya. Waliacha vikombe viwili vitatu vya unga kila mmoja, na walimsifu.

Goti nalo halikupoa. Wiji akawa anatembea akishika ukuta, anashuka kizingitini kwa kutanguliza mguu wa kushoto, na kusema "Ee Mwenyezi Mungu" kila akikaa, kama ajuza. Jumadi alimtania kwamba alioa msichana na sasa anaishi na bibi wa msichana. Siku moja alimtania hivyo, kisha akatoka nje akakaa nyuma ya lundo la kuni, na Paniyem alimwona anajifuta uso kwa kofia.

Wakarudi hospitalini, Paniyem na Jumadi, wakamkuta Bagyo anakula. Aliweka kijiko chini. Aliwaeleza kwamba goti la Bi Hendarti limepona vizuri, ila maumivu yake yako Kalipuring, na maumivu yaliyo mbali na kidonda chake hayapati habari kwamba kidonda kimepona. Yanaendelea tu na kazi yaliyotumwa. Dawa yake ni ndogo mno. Mwenye amana aje mwenyewe, aweke kiganja kwenye mgongo wa mtunzaji, aseme naichukua. Baridi na maumivu vitamrudia, vitakuta mwili mzima, goti zima, navyo vitakwisha. Bi Hendarti atatetemeka jioni moja chini ya blanketi, aumwe kidogo, asubuhi aamke salama.

"Jioni moja?" aliuliza Jumadi.

"Jioni moja, kaka."

"Na wengine huwa wanakuja kuchukua?"

Bagyo alikishika tena kijiko chake, akakitazama. "Mpaka sasa bado," alisema.

Daktari wa usingizi, Daktari Wiryawan, alipita, na Paniyem akajitia moyo kumuuliza kwa nini tone lile hakupewa Wiji naye. Daktari hakukasirika. Alisema ni swali zuri. Kichupa huwa ni kimoja tu, nacho hufunguliwa ghorofani, na chupa ikishafunguliwa juu haishuki. Ndivyo utaratibu ulivyo tangu yeye hajaajiriwa. Paniyem akaomba basi amana ya binti yake ahamishiwe yeye, kwa kuwa yeye ni mzee na hanyonyeshi. Daktari alimgeuza kwa upole, akampapasa uti wa mgongo, akasema hauna tundu. Paniyem akasema wamtoboe. Daktari akasema sindano ile ni ya wagonjwa, na yeye, tunamshukuru Mungu, ni mzima.

Ikabaki kumwendea mwenyewe. Paniyem alivaa kebaya, blauzi yake ya arusini, akabeba chane ya ndizi kwa kuwa tempe hakuwa nayo, akaenda mjini kwa Bi Hendarti. Alimkuta uani akiongoza mazoezi ya viungo ya akina mama wa mtaa, redio inapiga, yeye mbele kabisa, ananyanyua goti la kulia hadi kiunoni. Bi Hendarti alimkumbatia, akamkalisha sebuleni kwenye kochi ambalo Paniyem alikalia ukingo wake, akamletea chai ya sukari nyingi na vitafunio vya aina nne.

Walizungumza juu ya mvua. Walizungumza juu ya tumbaku, na juu ya maua ya okidi ya Bi Hendarti ambayo mwaka huu yamechelewa. Chai ya pili ilipomiminwa Paniyem alisema, "Wiji anakusalimu, Bi."

"Wiji wangu! Hajambo?"

"Hajambo. Bado anakutunzia ile amana."

"Mtoto mwenye adabu yule." Macho ya Bi Hendarti yalilowa, na hayakulowa kwa uongo. "Kila nikipanda ngazi namwombea dua. Wallahi namwombea."

"Ana mtoto mchanga, Bi."

"Watoto ni baraka."

"Halali."

"Wangu wa kwanza naye alikuwa hivyohivyo." Alimshika Paniyem mkono. "Inshallah, siku moja nitapita niichukue."

Paniyem alirudi na bati la biskuti na chupa ya sharubati. Jumadi alimngoja mlangoni.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia Wiji anamsalimu."

Jumadi alimpokea chupa. "Mama, hiyo ni salamu."

"Kwa mwenye masikio imetosha. Amesema inshallah siku moja."

"Siku moja," alisema Jumadi. "Haya. Si husemwa aliye juu mngoje chini?"

"Tumemngoja chini," Paniyem alisema, akiweka bati mezani. "Kilichoshuka ni mzigo wake."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na Bi Hendarti hakuwa amelibeba hata kanda lenyewe. Paniyem hakumchukia. Hilo ndilo lililomchosha, kwamba hakumpata wa kumchukia. Usiku alipanga maneno makali akilini, na kila alipomkumbuka yule mama analowa macho, maneno yalijikunja yakalala. Wapo wasemao heshima si utumwa. Hawajakaa Kalipuring.

Majani ya tumbaku yalipoanza kuiva, Wiji alikuwa amebaki ngozi na macho, na Sigit kichwa chake kilikuwa kikubwa kuliko mwili wake. Hapo Jumadi akasema yatosha. Mama atarudi mjini, na safari hii atasema neno lenyewe, na kabla hajaenda atalifanyia mazoezi. Jumadi alijifunga kitambaa kichwani akawa Bi Hendarti, akaketi kwenye kiti akilaza mikono mapajani.

"Mama Wiji, habari za siku nyingi?"

"Nzuri, Bi," alisema Paniyem, akicheka kwa kiganja mdomoni. "Nimekuja... okidi zako hazijambo?"

"Achana na okidi."

"Siwezi kuanza hivihivi kama polisi."

"Anza kama polisi."

Taabu haikuwa moyo tu, ilikuwa lugha. Kijawa cha kumsemesha mkubwa kina maneno yake. Mtu wa chini huchukua, huomba, huagiza, kila kitendo na jina lake. Mkubwa hafanyi vitendo vingi hivyo. Mkubwa hufanya kimoja tu, kiitwacho mundhut, na ndani ya neno hilo mna kuchukua, mna kuomba, mna kuagiza, apendavyo yeye. Paniyem alilitumia neno hilo maisha yake yote bila kujikwaa. Alikariri sentensi yake mbele ya Jumadi, mbele ya sufuria, mbele ya Sarinten aliyemwambia sauti yake ni ya mtu anayeuza mboga: Bi, tafadhali, mundhut. Bi, tafadhali, chukua. Siku ya tatu aliisema bila kuinamisha uso, na Wiji, kutoka kwenye nguzo, alisema, "Hapo sawa, mama. Hapo umesema."

Hakuhitaji kwenda. Gari jeupe lilipanda mteremko asubuhi, watoto wakilifuata, akashuka Bi Hendarti na makapu ya matunda na nguo za mtoto zilizokunjwa kwa karatasi laini. Paniyem alimwona kwa dirishani na kifua kikamjaa furaha mpaka akasahau kuvaa ndala. Amekuja kuichukua. Siku moja imefika. Alimwambia Wiji ajigeuze, mgongo uelekee upande wa wageni, na Wiji, ambaye alikuwa hajalia tangu hospitalini, alilia huku anajigeuza.

Bi Hendarti aliinama kupita mlangoni. Alikaa sakafuni kama watu wengine ingawa aliletewa kiti. Alimtazama Wiji, akaweka kiganja chake begani kwake, na kiganja kikashuka kidogo kuelekea mgongoni. "Mwanangu," alisema Bi Hendarti, "umenitunzia vizuri mno." Kisha Sigit akalia kile kilio chake cha kukatika, na Bi Hendarti akaondoa kiganja begani, akanyoosha mikono yote miwili. "Nipeni huyu."

Wakampa. Bi Hendarti alimlaza kifuani. Mwili wake haukuwa na mtetemeko hata wa kusingizia. Ulikuwa umetolewa wote, na hata sakafu ilipotikisika chini yake, ilikuwa inatikisika na kitu kilichokuwa chake, nacho hakikumgusa. Mapaja yake yalikuwa mapaja yaliyotulia kuliko yote wilayani. Sigit alifungua macho akatazama kulia na kushoto, akitafuta kilichokosekana. Akapiga mwayo. Ngumi zake zikafunguka. Akalala.

Jumadi aliondoa kofia kichwani. Hawakuwahi kumwona mtoto wao amelala hivi, mdomo wazi, kidevu kikiwa mahali pamoja. Wiji aligeuza shingo kadiri kitambaa kilivyomruhusu ili amwone.

"Nina jambo, Mama Wiji," alinong'ona Bi Hendarti, "na sijui nianzie wapi."

Paniyem aliona kwamba mgeni amekuja na nia njema na anachohitaji ni kurahisishiwa njia, na njia anayo yeye, ameikariri. Alisogea, akainua uso, akanong'ona bila kujikwaa, kama siku ya tatu: "Bi, tafadhali, mundhut."

Uso wa Bi Hendarti ulilegea kwa shukrani. "Ahsante, mama. Umenitua. Nilikuwa naona aibu kuomba." Aliupitisha mkono wake juu ya kichwa cha Sigit. "Ni goti la kushoto. Nalo limeanza, na daktari anataka kulipasua mwezi ujao. Wamesema wanaweza kunitafutia mtunzaji mwingine, lakini mimi nikasema hapana, mimi nina mtu wangu. Nani atanitunzia kama Wiji? Tundu lake hata halijaziba, wanasema. Ila nikasema kwanza niende kwao nikaombe kwa adabu."

Paniyem alifungua mdomo. Sentensi ya kusahihisha ilikuwepo, ilikuwa fupi, na ingebidi amwambie mkubwa wake usoni kwamba amesikia vibaya, na aseme kwa sauti. Alimtazama Jumadi, na Jumadi alikuwa amemtazama mtoto. Alimtazama Wiji. Machozi ya Wiji yalikuwa yanarukaruka kidevuni kwa mtetemeko, na midomo yake ilikuwa inajaribu kushikamana ili itoe maneno.

"Mwache alale, mama," alisema Wiji.

Sigit aliguna, akajisogeza zaidi kwenye shingo ya Bi Hendarti. Bi Hendarti alingoja, ameinamisha kichwa, kwa subira ya mtu aliyelelewa vizuri. Paniyem akasema nggih, kwa sauti ya chini, mtoto asije akaamka.